Sentimita Sabini Kabla ya Saa Moja

Mshale wa mita ya redio uliganda pale pale ulipokuwa jana jioni, kwenye wekundu, kama punda aliyekataa kuvuka maji. Bi Futi aliachia kibonyezo, akafuta jasho la kiganja kwenye aproni yake ya kushonea, akabonyeza tena. Mshale ukarudi kwenye wekundu.

"Inarudi," alisema. "Nusu nzima ya nguvu inarudi."

"Inarudi wapi?" wifi yake aliuliza kutoka mlangoni, simu mkononi.

"Kwenye redio. Inapanda kwenye waya, waya unaikataa, inashuka."

"Kama wachumba wangu wa ujanani."

Hakuna aliyecheka, hata mwenyewe aliyesema. Bi Futi alimjua wifi yake kwa miaka thelathini. Akishikwa na hofu, mdomo wake hujiendea wenyewe kama cherehani iliyokatika mkanda.

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Redio ilikaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, kati ya kopo la vifungo na mafungu ya uzi. Nje ya dirisha anga lilikuwa la rangi ya majivu, na Bi Futi aliutazama ule ukingo wake wa chini kama mtu anayetazama maziwa yaliyo jikoni. Jua lilikuwa njiani. Jua likipanda, mambo yamekwisha.

Hayo alifundishwa darasani. Mawimbi ya mita themanini hupenda giza. Usiku hupaa mpaka juu kabisa, yakagonga dari la anga, yakaanguka mbali, hata nyuma ya milima. Mchana, anga la chini huyanywa kama mchanga unavyokunywa maji. Alfajiri huwa na muda wake mfupi ambapo mtu mwenye redio ndogo na waya mzuri bado anaweza kusikika. Baada ya hapo hata akipiga kelele mpaka kesho, anajisikiliza mwenyewe.

Na nyuma ya milima, kilomita mia nne, alikuwepo binti yake.

Binti alikuwa amehamishiwa kule mwaka jana kufundisha shule ya msingi. Wiki iliyopita tufani lilibeba daraja na kuangusha mnara wa simu, na uchungu wa uzazi ukamkuta hukohuko, wiki tatu kabla ya siku zake. Habari hiyo aliileta Mwalimu. Mzee huyu ndiye aliyewafundisha redio watu wazima kumi na wawili katika madarasa ya jioni, na Bi Futi alikuwa mmoja wao. Alipostaafu alirudi kwao nyuma ya milima, akafunga redio yake kwenye chumba kimoja cha zahanati. Jana jioni nukta na mistari yake, herufi zinazopigwa kwa milio mifupi na mirefu, ilifika mezani pa Bi Futi, dhaifu lakini safi: binti yako ana uchungu tangu juzi, mtoto amekaa vibaya, muuguzi anasema bila upasuaji hatafika jioni ya kesho.

Bi Futi alimjibu. Alimjibu mara ishirini. Mwalimu hakusikia hata nukta moja.

Usiku uleule walikwenda, yeye na wifi yake, kwenye ofisi ya uokoaji. Afisa alikuwa mtu mpole aliyechoka, mwenye macho mekundu. Alisema helikopta ipo, na safari moja ipo. Lakini mwezi uliopita ilitua mahali palipoonekana pakavu kutoka juu, ikazama matopeni mpaka tumboni, ikakaa siku nne. "Nipatieni mtu aliyesimama kwenye uwanja wa mpira wa kule kwa miguu yake aniambie ni mkavu," alisema. "Mpaka saa moja kamili asubuhi. Saa moja na dakika moja naipeleka kwingine. Na kwingine nako kuna watu wanakufa, mama. Mnielewe."

Walimwelewa. Hilo ndilo lililouma.

Spika ikakwaruza. Bi Futi akainua mkono kumnyamazisha wifi, ingawa wifi alikuwa kimya. Nukta, mstari. Zilitoka chini ya kelele kama mende anayetembea juu ya karatasi.

"Bi Futi. Bi Futi. Upo?"

Akabonyeza. Nipo, Mwalimu, nipo, nakusikia. Mshale ukaruka kwenye wekundu. Akarudia taratibu, kila herufi peke yake, kama anavyomsemesha mteja asiyesikia vizuri.

Kimya. Kisha: "Sikusikii. Betri imebaki kidogo. Nitaita mara ya mwisho saa moja kasoro dakika kumi. Anakutaja."

Kelele zikamfunika.

"Kasema nini?" wifi aliuliza.

"Ataita saa moja kasoro kumi. Mara ya mwisho."

"Na kingine? Uso wako umesema kuna kingine."

"Anasema ananitaja."

Wifi aligeuka akautazama ukuta.

Bi Futi akaanza tena kukagua, kutoka redio kwenda nje, kama alivyokagua usiku mzima. Plagi ilikuwa imekaza, na kebo haikuwa na mahali ilipokatika. Kule juu ya bomba la bati, pale kebo inapogawanyika kuwa mikono miwili ya waya wa shaba, alikuwa amelehemu upya juzi kwa mwanga wa tochi, na lehemu iling'aa. Waya wenyewe ulikuwa mpya. Ule wa zamani, alioukata Mwalimu kwa mkono wake siku walipofaulu mtihani, uliangushwa na tufani lilelile. Huu aliukata yeye juzi, mita ishirini kila mkono, kwa hesabu ya daftarini ambayo aliipiga mara tatu.

Kila kitu kilikuwa sawa, na hakuna kilichofanya kazi.

Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akafumba macho. Alikuwa mwombaji wa siku nyingi. Aliomba akiwa anatunga uzi, aliomba akiwa anapiga pasi, na alipoanza kujifunza sehemu na desimali akiwa na miaka arobaini na tisa, aliomba kabla ya kila swali, mpaka Mwalimu akamwambia aombe mara moja kwa ukurasa mzima ili darasa limalizike. Sasa hakuwa na muda wa maneno mengi.

"Mungu wangu, mawimbi ni yako na binti ni wako. Mimi nimekosea mahali na sipaoni. Nionyeshe."

Alifumbua macho. Saa ya ukutani ilisema kumi na mbili na dakika ishirini na tisa.

"Labda ukate tamaa ya waya, tutafute njia nyingine," wifi alisema, na sauti yake sasa ilikuwa kali, kwa sababu alikuwa ametoka kulia na hakutaka ijulikane. "Nilikwambia juzi. Nilikwambia, wifi, wewe ni fundi wa nguo, mambo ya kupima mawaya yaachie wenye kazi zao. Mapazia tu yamekushinda! Fundi seremala kakuandikia kwa kalamu, mita mbili na kumi, mita mbili na kumi, na mapazia yangu yanafagia sakafu kama vijakazi. Wageni wanauliza kama niliazima kwa jirani mwenye nyumba ndefu!"

"Seremala alikosea kupima."

"Seremala ana futi ya chuma! Chuma kinakosea? Ni lile litambaa lako la shingoni..."

Wifi hakumaliza. Bi Futi alikuwa ameinuka, rangi imemtoka.

Aliishika futi iliyoning'inia shingoni mwake. Ilikuwa imekaa pale miaka kumi na minane, ndiyo iliyompa jina, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kumwona bila hiyo. Ilikuwa laini kama sikio la sungura. Alipima nayo viuno vya mabibi harusi, mabega ya wanajeshi, tumbo la mwenye duka ambalo lilihitaji watu wawili. Kila siku kaivuta. Na haikumletea kosa hata siku moja, kwa sababu aliyempima mtu kwa futi hiyo ndiye aliyekata kitambaa kwa futi hiyohiyo. Kosa lilijifuta lenyewe. Mpaka seremala alipoleta namba zilizopimwa kwa chuma. Mpaka yeye alipokata waya kwa namba za daftarini.

"Rula," alisema. "Nipe rula yangu ya shule. Kwenye mkoba, haraka!"

Wifi aliumwaga mkoba mzima sakafuni. Bi Futi aliilaza rula ya mbao mezani, akaitandaza futi kando yake, sifuri kwa sifuri, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

Rula ilisema thelathini. Futi ilisema ishirini na tisa.

"Imerefuka," alinong'ona. "Imevutika. Wifi, waya wangu ni mrefu."

"Kwa sentimita moja?"

"Kwa sentimita moja katika kila ishirini na tisa. Ngoja. Ngoja usiseme."

Alichukua chaki ya kushonea, akaandika juu ya meza yenyewe. Mita moja ya futi, kumbe ni mita moja na sentimita tatu na nukta nne. Mara ishirini. Tarakimu zikawa kubwa kama za mtoto. Tatu nukta nne mara ishirini, sitini na nane. Akajumlisha vipande vya desimali alivyoviacha njiani. "Kama sentimita sabini," alisema. "Kila upande umezidi sabini. Redio inaimba sauti moja, waya unaimba nyingine."

"Basi kata!"

"Sikati." Alikuwa ameshashika kopo la vifungo na kidonge cha uzi wa nailoni, na alikuwa mlangoni. "Nikikosea hesabu nikakata, sina wa kuunga. Nakunja. Nguo ndefu haikatwi, inakunjwa pindo."

Uani mwanga ulikuwa umeshatosha kuona rangi ya matofali. Mkono mmoja wa waya ulielekea mashariki mpaka kwenye nguzo ya ukuta. Mwingine magharibi mpaka juu ya mnara wa tangi la maji la jirani. Kila ncha ilifungwa kwenye vifungo viwili vinene vya koti, vya plastiki, ili umeme usikimbilie kwenye kamba, na kila kamba ilipita kwenye kapi, kile kigurudumu cha kuvutia. Bi Futi alifungua kamba ya mashariki, na ncha ikashuka vizuri. Akakimbia kwenye ya magharibi, goti likimwuma kila hatua. Akavuta. Kamba haikwenda. Akavuta kwa uzito wake wote. Kule juu ya tangi kapi lilikuwa limeng'ata kamba, na halikuiachia.

"Panda ngazi!" wifi alisema.

"Ngazi kaichukua seremala jana."

"Jirani?"

"Jirani kasafiri, na geti kafunga."

"Saa?" Wifi aliitazama simu. "Saa moja kasoro ishirini na moja."

Bi Futi alisimama katikati ya ua, ncha moja mkononi, nyingine hewani. Alikuwa amejijengea jina kwa mapindo. Watu walivuka mji mzima kwa sababu gauni la Bi Futi likigusa chini, linagusa sawa pande zote, na hajawahi kuruhusu nguo itoke dukani kwake ikiwa upande. Akakumbuka jioni moja darasani, mvua ikipiga bati, mwanafunzi mmoja akimwuliza Mwalimu itakuwaje ikiwa mikono miwili ya antena haikulingana. Mwalimu alicheka. "Waya hauna haya kama nyinyi," alisema. "Urefu wote ukiwa sawa, utaimba. Utaimba kwa kigugumizi, lakini utaimba."

"Namaliza yote upande huu," alisema. "Mita moja na arobaini. Upande mmoja."

Akapiga magoti, akalaza waya juu ya saruji, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka kumi na minane, ukavuta futi kutoka shingoni.

Wifi alimpiga kofi kiganjani. "Hiyo hiyo tena?"

"Ee Mungu wangu." Akaitupa. Akashika rula. Moja, mbili, tatu, nne, na sentimita ishirini. Akaweka alama kwa chaki. Akapinda shaba pale kwenye alama, akairudisha sambamba na waya uliobaki, akaizungusha shaba kwa shaba mzunguko baada ya mzunguko, mpaka vidole vikachubuka. Akafungua vifungo vya koti kwenye ncha ya zamani, akavihamishia kwenye pindo jipya, akafunga kwa nailoni kwa lile fundo la vifungo vya makoti ya jeshi, ambalo halijawahi kufunguka. Kamba sasa ilikuwa fupi. Wifi, bila kuulizwa, alivua mkanda wa gauni lake akamkabidhi.

"Hariri hiyo," alisema. "Nataka ujue tu."

Walivuta pamoja. Waya ukapanda, ukiwa na uvimbe upande mmoja kama mguu uliofungwa bandeji.

Waliporudi ndani ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi na moja. Bi Futi alikaa, akasema "kwa jina lako", akabonyeza.

Mshale ukapanda, ukasita, ukaanguka. Haukufika sifuri. Ulikaa robo ya njia, chini kabisa ya wekundu, ukitulia.

"Umekubali?" wifi alinong'ona.

"Umekubali."

Saa moja kasoro kumi ikafika. Spika ilitoa mkwaruzo mtupu. Saa moja kasoro tisa. Mstari wa kwanza wa jua ukagusa mafungu ya uzi kwenye rafu ya juu, yale mekundu kwanza, kisha ya njano. Bi Futi hakungoja tena kuitwa. Akaita yeye. Mwalimu, Mwalimu, Bi Futi hapa. Akasikiliza. Akaita tena. Alipiga kwa mwendo wa miguu yake juu ya cherehani, mwendo pekee ambao mwili wake haukuhitaji kuufikiria.

Kisha, chini kabisa, mende juu ya karatasi.

"Nakusikia. Nakusikia. Mungu mkubwa."

Hakujibu salamu. "Helikopta ipo. Uwanja wa mpira mkavu? Jibu upesi."

"Subiri. Naenda mwenyewe."

"Kaenda," alimwambia wifi. "Kaenda kuangalia."

"Kaenda! Kwa miguu ile?" Wifi alikuwa ameshapiga simu. "Bwana Afisa? Ndiyo, ni sisi, ndugu wa mwalimu mjamzito. Tumempata. Tunamsikia. Hapana, bado, mzee kaenda uwanjani. Najua ni saa moja kasoro sita, saa ninayo. Bwana Afisa, wewe una mama? Basi mkumbuke mama yako kwa dakika sita. Usikate. Nimesema usikate, kikohozi changu kisikusumbue, mimi nakohoa tu."

Jua lilishuka rafu ya pili. Kelele katika spika zilibadilika, zikawa laini na pana, na Bi Futi alijua maana yake. Anga lilikuwa limeanza kunywa. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa redio. Hakuwa na sala ya maneno. Alikuwa anahesabu hatua za mzee wa miaka sabini kwenda katikati ya uwanja na kurudi.

Saa moja kasoro tatu.

Nukta. Kisha hewa tupu. Kisha mstari mmoja uliozama kabla ya kwisha.

"Rudia," alibonyeza. "Rudia. Rudia."

"Usikate," wifi alikuwa akisema. "Anaandika, namwona anaandika."

Bi Futi alikuwa haandiki chochote. Alishika chaki hewani. Alifumba macho akazima kila kitu, sauti ya wifi, saa ya ukutani, damu yake masikioni, akaiacha ile sauti nyembamba tu. Ikaja. Ilikuja herufi kwa herufi, na yeye akaiandika mezani kando ya hesabu yake, na alipoinua mkono ilikuwa imesomeka bila shaka.

"Mkavu," alisoma. "Mkavu. Nimeruka juu yake mara tatu. Nimetandika shuka jeupe katikati."

"Mkavu!" wifi alipiga kelele ndani ya simu. "Mzee mzima karuka juu yake mara tatu! Shuka jeupe lipo katikati! Nani kasema? Aliyesimama hapo kwa miguu yake ndiye kasema, kama ulivyotaka!"

Akasikiliza. Akaishusha simu polepole.

"Anasema rubani anawasha."

Bi Futi alibonyeza: inakuja. Alibonyeza mara tano, akijua pengine hakuna hata moja inayofika. Jua lilikuwa limejaa mezani. Spika haikujibu tena.

Saa nne na nusu walikuwa wamesimama kwenye lango la hospitali wakati machela inashushwa. Binti alikuwa wa rangi ya udongo, midomo imekauka, lakini macho yalikuwa wazi, na alipomwona mama yake alijaribu kusema jambo. Daktari hakumpa nafasi. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa, na wale wawili wakakaa kwenye benchi, Bi Futi akiomba kwa midomo, wifi akiomba kwa kugombana na mfagizi.

Saa sita na dakika kumi muuguzi alitoka. Alisema mama yuko hai na atapona, mtoto ni wa kiume, kilo mbili na nusu, na ana sauti ya mpiga mnada.

Wifi alimwomba mfagizi radhi. Bi Futi naye alikuwa anafikiri juu ya ile sala ya alfajiri. Siku zote alidhani majibu huja kwa sauti ya upole, si kwa lawama za mapazia.

"Wifi," alisema mwishowe. "Kesho nitanunua futi mpya, nije nikupindie yale mapazia."

"Nani kakwambia?" Wifi alimgeukia, macho yamejaa maji. "Uyaguse uone. Yaache hivyohivyo yafagie."